Una usonji na unaomba kazi: useme au unyamaze?

Wiki iliyopita, kipindi cha asubuhi kilipokaribia kwisha, uliingia ujumbe kwenye simu ya studio kutoka Piyaya, wilayani Ngorongoro. Aliyeandika aliomba jina lake lisisomwe hewani. Ujumbe ulisema hivi: “Dada mtangazaji, mdogo wangu amemaliza mafunzo ya upishi. Kuna kambi ya watalii inatafuta msaidizi wa jikoni. Alipokuwa mdogo daktari alituambia ana usonji. Niwaambie wenye kambi, au ninyamaze apate kazi kwanza?”

Nilikuwa na dakika 3 kabla ya taarifa ya habari. Nilijibu kwa haraka kwamba ukweli ni bora siku zote, tukaenda kwenye habari. Baadaye simu ziliendelea kuingia, na mama mmoja akaniuliza: “Mwanangu alisema ukweli, akaambiwa atapigiwa simu. Hajapigiwa hadi leo. Ukweli huo umemsaidia nini?” Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Jibu langu la hewani lilikuwa fupi mno. Nimerudi kwenye sheria, nimeongea na watu wanaofanya kazi na vijana hawa, na nimeona kwamba swali la “useme au usiseme” lina maswali mengine ndani yake: useme lini, umwambie nani, useme nini, na nani hasa aseme.

Kwanza, usonji ni nini?

Usonji, ambao wengine huuita otizimu, ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana, na hautokani na chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Watu wenye usonji hawafanani. Yupo asiyezungumza kabisa na anayehitaji msaada maisha yake yote. Yupo aliyesoma hadi chuo, anayezungumza vizuri, lakini kelele nyingi zinamchosha kuliko zinavyowachosha wengine. Yupo anayeelewa kila neno kama lilivyosemwa, kiasi kwamba utani wa mafumbo unampita. Yupo anayevurugika ratiba ikibadilishwa ghafla.

Kwetu hapa kuna jambo jingine. Kijana wa Kimaasai anayeinamisha kichwa mbele ya mkubwa wake, asimkazie macho, anaonekana ana adabu. Kijana huyohuyo akienda kwenye usaili Karatu mjini au Arusha, akakaa mbele ya meneja bila kumtazama usoni, anaweza kuonekana anaficha kitu. Kama ana usonji, kumtazama mtu machoni kunaweza kuwa kugumu zaidi. Meneja hajui lolote kati ya hayo mawili. Anaandika kwenye karatasi yake: “Hajiamini.”

Sheria inasema nini?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo haizungumzii ulemavu wa viungo peke yake. Inahusu pia ulemavu wa akili na wa hisi, na inatazama vikwazo ambavyo jamii na taasisi zinamwekea mtu. Kwa hiyo mtu mwenye usonji ambaye maisha yake yanakwama kwa vikwazo hivyo ana msingi wa kusema kwamba sheria hii inamhusu.

Mambo 3 ya kisheria ni muhimu kwa anayeomba kazi.

La kwanza ni nafasi. Sheria ya 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Hoteli yenye wafanyakazi 100 inatakiwa iwe nao 3. Sheria ya zamani ya mwaka 1982 ilidai asilimia 2, tena kwa waajiri wakubwa zaidi. Lakini angalia hapa: kambi ndogo yenye wafanyakazi 12 haiguswi na hesabu hiyo. Kabla ya kutegemea asilimia 3, jua unaomba kazi sehemu yenye watu wangapi.

La pili ni ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya ulemavu. Kifungu hicho kinamlinda pia mtu anayeomba kazi, siyo aliyekwisha kuajiriwa tu. Mwajiri anaruhusiwa kukataa mtu kama kazi yenyewe kwa asili yake inadai kitu ambacho mtu huyo hawezi. Haruhusiwi kukataa kwa kusikia neno “usonji” peke yake.

La tatu ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ukimweleza afisa rasilimali watu habari za afya yako, hazikuwa habari za kusimulia jikoni, kwenye gari la wafanyakazi au kwenye kundi la WhatsApp la kambi.

Sheria hizo zipo. Lakini mama aliyepiga simu aliuliza swali la kweli. Sheria haikai kwenye chumba cha usaili. Mwajiri anayekukataa kwa sababu ya usonji hatakuandikia barua inayosema hivyo. Atasema nafasi imejaa, au hatasema kitu.

Kwa nini watu wananyamaza

Tusiwalaumu wanaonyamaza. Wanajua wanachokikimbia.

Hata kwenye nchi zenye huduma nyingi hali ni ngumu. Nchini Uingereza, ripoti iliyoongozwa na aliyekuwa waziri, Robert Buckland, ilitolewa Februari 2024. Ilionyesha kwamba ni watu takriban 3 kati ya 10 wenye usonji walio katika umri wa kufanya kazi ambao wana ajira. Huko kuna sheria ya mwaka 2010 inayomzuia mwajiri, isipokuwa kwa sababu maalumu, kumuuliza mwombaji maswali ya afya kabla hajampa kazi. Waingereza walitunga sheria hiyo kwa sababu waliona swali likiulizwa mapema, mtu anachujwa kabla hajapimwa kwa uwezo wake.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kunyamaza. Ajira nyingi za Ngorongoro na Karatu hazianzi na tangazo. Zinaanza na mtu. Mjomba anafanya kazi kambini, anasikia mpishi ameondoka, anapiga simu nyumbani. Ukisema una usonji, habari haibaki kwa mwajiri. Inarudi kijijini kabla ya wewe. Na kijijini mara nyingi haitaitwa usonji. Itaitwa jina jingine baya zaidi, na jina hilo linaweza kumfuata kijana hadi siku ya posa.

Kwa nini watu wanasema

Upande wa pili nao una uzito.

Ukiajiriwa bila mtu yeyote kujua, huna unachoweza kuomba. Jenereta linanguruma nyuma ya jiko, wapishi 4 wanakupa maagizo kwa mdomo kwa wakati mmoja, zamu yako inabadilishwa jioni kwa ajili ya kesho asubuhi. Unavurugika, unatoka nje kupumua, unaandikiwa onyo. Onyo la pili, la tatu, unaondoka. Mwajiri akiulizwa atasema alikuwa hajui, na atakuwa anasema kweli.

Kuna pia miezi 6 ya mwanzo. Sheria ya Ajira haimpi mfanyakazi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 ulinzi wa kawaida dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Katazo la ubaguzi linabaki hata katika kipindi hicho. Lakini ili udai kwamba umeondolewa kwa sababu ya ulemavu, lazima uonyeshe kwamba mwajiri aliujua. Ukimya unaokusaidia kuingia mlangoni unaweza kukuacha bila kinga ukishaingia.

Zipo nyakati 4, chagua wakati wako

Mtu anayeomba kazi anapita kwenye milango 4. Kila mlango una faida yake na hatari yake.

Mlango wa kwanza ni fomu ya maombi. Kwa kazi za serikali, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kupitia Ajira Portal. Matangazo yake huwahamasisha watu wenye ulemavu kuomba, na huwataka waainishe ulemavu wao kwenye mfumo. Hapa kusema kuna maana, kwa sababu anayepokea taarifa ni taasisi yenye wajibu wa kisheria, na ndipo pa kueleza mapema unachohitaji siku ya usaili. Kwa mwajiri binafsi asiyeuliza, hulazimiki kuweka usonji kwenye barua yako. Barua ni mahali pa kueleza unachoweza.

Mlango wa pili ni usaili. Sema hapa kama usipotoa maelezo utaeleweka vibaya. Huhitaji kusema mengi. Sentensi 1 inatosha: “Naomba mnisamehe nisipowatazama usoni, nasikiliza vizuri zaidi hivi.” Au: “Naomba swali moja kwa wakati mmoja.” Ukiweza, omba kuonyesha kazi badala ya kuieleza. Mpishi apike. Fundi afungue injini. Watu wengi wenye usonji hushindwa kwenye maswali ya “jieleze” lakini wanaiweza kazi yenyewe.

Mlango wa tatu ni baada ya kupewa kazi, kabla au mara tu baada ya kuanza. Kwa waajiri binafsi, watu wengi niliozungumza nao wanaona huu ndio mlango salama zaidi, nami nakubaliana nao. Mwajiri amekwisha kusema kwamba unafaa. Akigeuka baada ya kusikia neno usonji, sababu ya kugeuka kwake inaonekana.

Mlango wa nne ni baada ya matatizo kuanza. Kusema hapa ni bora kuliko kutosema kabisa, lakini ndio mlango mgumu, kwa sababu maelezo yako yanasikika kama kisingizio. Usingojee onyo la tatu.

Neno moja la tahadhari. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili tofauti. Ukiulizwa kwa maandishi kama una ulemavu, ukaandika “hapana” na kuweka sahihi, karatasi hiyo inaweza kutumiwa dhidi yako baadaye kama ushahidi wa kukosa uaminifu. Kama hutaki kujibu, ni afadhali uache wazi au uombe kulizungumza ana kwa ana.

Useme nini?

Kosa kubwa ni kusema jina la hali na kuishia hapo. Ukisema “nina usonji”, meneja atajaza mwenyewe nafasi iliyobaki, na atajaza kwa alichowahi kusikia mtaani.

Sema unachohitaji, na useme kitawafaidi nini. Linganisha kauli hizi mbili. Ya kwanza: “Mimi nina usonji.” Ya pili: “Nina usonji. Maagizo ya mdomo yakiwa mengi yananipotea, lakini yakiandikwa kwenye karatasi siachi hata moja. Naomba zamu yangu niijue siku moja kabla. Jiko likiwa na kelele sana naomba dakika 5 nje, kisha narudi kazini.”

Kauli ya pili haimgharimu mwajiri hata shilingi 1,000. Karatasi, kalamu, ubao wa zamu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa niliotaja unazitaka nchi zihakikishe kwamba marekebisho ya namna hiyo yanafanyika kazini.

Mtu mwingine anaweza kueleza mahitaji yake bila kutaja usonji kabisa. Hiyo nayo ni njia halali. Ajue tu kwamba kinga ya sheria ya ulemavu ni vigumu kuidai kama ulemavu wenyewe haukutajwa.

Na kama huna karatasi ya daktari?

Hili ndilo tatizo kubwa la huku kwetu. Usonji haupimwi kwa damu wala kwa picha. Mtaalamu anamtazama mtu, anauliza historia yake tangu utoto, anazungumza na wazazi. Wataalamu hao wako zaidi kwenye hospitali kubwa kama KCMC iliyoko Moshi na Muhimbili iliyoko Dar es Salaam. Kutoka Piyaya hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi, malazi, na ng'ombe wa kumwachia mtu mwingine. Wengi wanabaki na maneno ya “daktari alituambia”, bila karatasi yoyote.

Bila karatasi, usidai kitu ambacho huwezi kukionyesha ikiwa unaomba nafasi iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu. Lakini kuomba maagizo yaandikwe hakuhitaji cheti. Anzia kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Waeleze hali, uliza utaratibu wa kutambuliwa, na uombe barua ya rufaa kupitia hospitali ya wilaya. Utambulisho huo unafaa pia kwa mambo mengine. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kijana ambaye kelele za jiko la kambi zinamshinda anaweza kufanya vizuri zaidi kwenye mradi wake mwenyewe.

Ukiona umebaguliwa

Andika tarehe, majina ya waliokuwepo na maneno yaliyosemwa, siku hiyohiyo. Tunza ujumbe wa simu, usifute. Kisha peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaifahamu kwa herufi CMA. Ina ofisi Arusha. Muda ni mfupi: siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine, ikiwamo kubaguliwa wakati wa kuomba kazi. Ukishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hapo ndipo daftari lako lenye tarehe linapokuwa na thamani.

Nani aseme?

Narudi kwenye ujumbe wa Piyaya. Baada ya kuusoma mara nyingi niligundua neno ambalo hewani lilinipita. Kaka aliuliza, “Niwaambie, au ninyamaze?” Hakuuliza, “Mdogo wangu aseme, au anyamaze?”

Nilimpigia. Nikamuuliza kama amezungumza na mdogo wake. Akakaa kimya kidogo, akasema, “Dada, hilo sikulifikiria. Sisi nyumbani ndio huwa tunamsemea.”

Kaka huyu ana nia njema, na mila yetu inamtaka mkubwa amsemee mdogo. Lakini anayekwenda kuamka saa 10 alfajiri kuwasha jiko la kambi ni mdogo mtu. Maneno yakishamfikia meneja hayarudi, na atakayeishi nayo ni yeye. Kama kijana anaweza kuelewa na kueleza anachotaka, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa njia yake nyingine, uamuzi ni wake. Ndugu wanaweza kumshauri, kufanya naye mazoezi ya maneno atakayosema, na kumsindikiza. Kama mjomba ndiye anayempeleka kambini, akubaliane kwanza na kijana nini kitasemwa na nini kitabaki nyumbani.

Jioni yake kaka alinitumia ujumbe wa pili. Walikaa wakazungumza. Mdogo wake amesema hataki neno usonji litajwe kwenye maombi. Ameomba kaka amsaidie kuandika karatasi yenye mistari 3: maagizo yaandikwe, zamu ijulikane mapema, dakika 5 nje kelele zikizidi. Akipata kazi, atampa mpishi mkuu karatasi hiyo siku ya kwanza, kisha atamweleza meneja peke yake kwamba ana usonji.

Sijui kama kambi itamchukua. Usaili ni wiki ijayo. Lakini ninajua kwamba safari hii amechagua mwenyewe, na anajua anachagua nini.

Kama nawe umepita kwenye njia hii, kama mwombaji, mzazi au mwajiri, tuandikie kwenye simu ya studio. Jina lako halitasomwa hewani bila ruhusa yako.